GARI LILILOSIMAMA NDILO LIFUNGALO NJIA

Naomba nafasi katika gazeti letu niwaambie wanachama maneno machache juu ya njia ya Tom Mboya hapa Nairobi, pale penye hoteli za chipsi na kuku, ambapo wengi wetu twapita jioni tukitafuta garimoshi au matatu. Najua wako watakaosema, Huyu ni mtu wa reli, mambo ya barabara yamhusu nini? Nami nawajibu kwamba abiria wa reli haangukii stesheni kutoka mbinguni. Huja kwa miguu kupitia njia hizo hizo, na akikwama njiani, garimoshi la Syokimau au la Embakasi halimngoji.

Siku moja ya mshahara nilitoka zamu ya mchana, nikapanda kwenda kununua kuku nusu, maana watoto nilikuwa nimewaahidi. Mbele ya hoteli motakaa zilikuwa zimesimama safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa kando kabisa, palipopigwa mistari ya kuegesha. Hizo zilikuwa zimekaa tangu asubuhi, vumbi limetulia juu ya vioo. Safu ya pili ilikuwa ya wale waliokuja kuchukua chakula, taa zao za hatari zikiwaka na kuzimika, kana kwamba taa hizo ni hati ya ruhusa. Nyuma yao matatu zilikuwa zikipiga honi, na mkokoteni wa viazi umekwama ubavuni. Akina mama wenye mizigo walikuwa wameacha njia ya miguu, wanapita katikati ya magari, kwa kuwa njia ya miguu nayo ilijaa pikipiki za vijana wanaopeleka chakula majumbani.

Ndipo gari la zimamoto likatoka. Wote wanaoujua mji huu wanajua kwamba stesheni ya zimamoto iko katika njia hiyo hiyo ya Tom Mboya. Likapiga king'ora mpaka masikio yakauma. Matatu zikataka kusogea, lakini hazikuwa na mahali pa kusogea. Katika safu ya pili palikuwa na gari moja jeupe halina dereva. Utingo mmoja akaingia hotelini akipiga kelele, Nani mwenye gari jeupe? Akatoka bwana mmoja na mfuko wake wa kuku mkononi, wala hakukimbia. Nilikuwa na saa, kwa maana kazi yetu ni ya saa. Toka king'ora kilipoanza mpaka gari lile jeupe lilipoondoka zilipita dakika sita.

Sijui moto ulikuwa wapi siku ile. Lakini wengi wetu twakaa katika nyumba za mabati zilizobanana, na twajua dakika sita za moto ni vyumba vingapi. Wale ambao vibanda vyao viliungua Gikomba hawahitaji kuelezwa na mimi.

Yule bwana akaenda zake na kuku wake. Baada ya kitambo kidogo wakaja wenye amri, wakachukua pikipiki mbili wakazipakia juu ya lori. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama kimya karibu na ukuta, akingoja kuitwa ndani achukue mfuko wa mteja, aliona chombo chake cha kazi kinaondoka, na ule mfuko ukaitwa wakati huo huo. Watu wakasema, Vizuri, hawa wa pikipiki ndio wanaoharibu mji. Hata mwanachama mwenzetu aliyekuwa karibu nami alisema hivyo. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sitaki kuwatetea vijana kwa uongo. Wako wanaopanda juu ya njia ya miguu na kumpigia honi mzee mwenye bakora, na wako wanaopita upande usio wao. Hayo ni makosa, na mwenye kuyafanya astahili adhabu. Lakini mtu akiniambia kwamba msongamano wa pale watoka kwa pikipiki, nitamwomba asimame nami kando ya barabara kwa saa moja atazame kwa macho yake. Pikipiki nyingi zimesimama juu ya njia ya miguu. Zinamwumiza mwenye miguu kweli, lakini gari la zimamoto halipiti juu ya njia ya miguu. Kilichofunga barabara ni motakaa za safu ya pili. Nazo zimekaa safu ya pili kwa sababu safu ya kwanza imejaa kutwa, na hapo ndipo mzizi wa jambo.

Sisi wa reli twalijua jambo hili tangu siku ya kwanza ya kufundishwa. Garimoshi linalokwenda halifungi njia kwa muda mrefu. Hupita sehemu yake na kuiacha wazi. Lililosimama ndilo lifungalo, na ndiyo sababu katika stesheni kuna njia ya pembeni, ambayo sisi twaiita lupu, ili lenye kusimama likae huko na lenye kupita lipite. Stesheni masta akiacha mabehewa yasimame kwenye njia kuu kwa kuwa lupu imejaa mabehewa ya juzi, hatamlaumu dereva wa garimoshi linalokuja. Ataulizwa yeye: mabehewa haya ya juzi yanafanya nini hapa?

Sasa tazameni barabara zetu. Katika mji huu, kwa miaka mingi, karo ya kuegesha gari imetozwa kwa siku nzima, si kwa saa. Mwenye gari akifika asubuhi akalipa, mahali pale ni pake mpaka jioni. Akikaa dakika kumi na akikaa saa kumi, malipo ni yale yale. Basi kwa nini aondoke? Ataliacha gari mbele ya hoteli ya watu, yeye mwenyewe yuko ofisini ghorofa ya tano katika njia nyingine kabisa, wala hali kuku. Na yule atakaye kuchukua chakula kwa dakika tano hapati mahali, hata akiwa na nia njema. Atazunguka mara mbili, mara tatu, kisha atawasha taa za hatari na kusimama safu ya pili. Simsifu. Nasema tu kwamba ukimfukuza huyu, baada ya dakika moja atakuja mwingine kama yeye, na wenye amri watafukuza mpaka wachoke.

Katika reli kuna dawa ya ugonjwa huu, nayo ni ya zamani sana. Mfanya biashara akiletewa mabehewa katika njia yake ya pembeni, hupewa saa kadha za kupakua bila kutozwa. Saa zile zikipita, hutozwa kwa kila behewa linalokaa, na kadiri linavyozidi kukaa ndivyo malipo yanavyozidi. Makarani wetu wa mizigo waiita demareji. Wafanya biashara hawaipendi, na kila mmoja ana hadithi yake ya mvua na ya vibarua waliochelewa. Lakini kwa sababu ya demareji mabehewa hupakuliwa, njia ya pembeni hupata nafasi, na behewa laenda kumtumikia mtu mwingine. Bila demareji, kila mfanya biashara angefanya behewa la reli kuwa ghala lake.

Basi neno langu kwa wenye mji ni hili: mbele ya hoteli hizi kubwa za chakula cha haraka, itozwe demareji. Mahali pachache pa kando pawekwe alama iwe ni pa robo saa tu, bure au kwa malipo madogo, na atakayezidisha alipe kwa kila robo saa inayoongezeka, tena ipande. Aliye na kazi ya kutwa apeleke gari mbali, au aliache nyumbani apande pamoja nasi. Si kazi ngumu siku hizi, kwa kuwa karo zalipwa kwa simu, na simu yajua saa. Wale wanaokagua magari hawatapoteza kazi. Watakuwa na kazi zaidi, maana saa haijikagui yenyewe.

Juu ya vijana wa pikipiki, nao wanataka lupu yao. Mahali pa kuegesha motakaa moja, pikipiki nne au tano zaweza kusimama zikipangwa ubavu kwa ubavu. Ondoeni mahali pa motakaa mbili mbele ya kila hoteli kubwa, pigeni mistari ya pikipiki, na njia ya miguu itarudi kwa wenye miguu. Hapo ndipo mtakuwa na haki ya kumkamata anayepanda juu ya njia ya miguu, kwa kuwa ameonyeshwa mahali pake akapakataa. Kumkamata mtu ambaye hakuna mahali popote aliporuhusiwa kusimama, na huku kazi yake yenyewe ni kusimama na kungoja, mimi naona ni kumtoza kodi ya kuwa maskini.

Tena nyuma ya majumba mengi ya mji huu kuna vichochoro. Hoteli nyingine zina mlango huko nyuma, lakini hutumika kutolea taka tu. Kwa nini mfuko wa chakula usitolewe huko? Najua vichochoro vingine vina wauza viatu na wauza chai, nao wana watoto wa kulisha kama sisi. Sitaki mtu asome maneno haya akasema chama chetu kimeomba wafukuzwe. Pale penye nafasi, dirisha la nyuma lifunguliwe. Pasipo na nafasi, paachwe.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye kupita tu hawezi kuliona. Niliongea na mmoja wa vijana hao. Aliniambia kwamba simu yake humwita aje kuchukua chakula kabla kuku hajatoka kwenye mafuta. Afika, angoja dakika ishirini, na wenzake kumi wamengoja vile vile, kila mmoja na pikipiki yake mlangoni. Yeye alipwa kwa safari. Dakika za kungoja hazilipwi, na petroli ni yake. Nikamwuliza, Je, huwezi kukataa? Akacheka tu.

Stesheni masta hatumi garimoshi mpaka ameuliza stesheni ya mbele kama njia ni wazi, naye akajibiwa kwamba ni wazi. Akilituma bila kuuliza, litasimama nje ya signali na kufunga sehemu nzima, na yeye ataitwa kueleza. Hao wenye simu na wenye hoteli wafanye hivyo hivyo: chakula kikiisha kufungwa, ndipo kijana aitwe. Wataniambia kwamba mteja atachelewa dakika chache. Sawa, achelewe. Sasa hivi dakika zake zinalipwa na kijana kwa petroli na na mama mwenye mzigo kwa kusukumwa barabarani, wala hakuna aliyewauliza.

Na tusisahau kwamba kijana huyo ni mfanya kazi. Wanaomtuma wasema ni mtu huru mwenye biashara yake mwenyewe. Hayo tumeyasikia zamani. Kibarua wa siku naye alikuwa mtu huru, huru kulala njaa mvua ikinyesha. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika kazi, na kila mfanya kazi ana haki ya kuanzisha chama au kujiunga nacho. Sisi tulio na chama tusiwe wa kwanza kupiga makofi pikipiki zao zikipakiwa juu ya lori.

Malori ya viazi na ya mafuta ya kukaangia yapewe saa zake, alfajiri kabla ya mji kujaa. Mizigo ya reli husafiri usiku na hakuna aliyekufa kwa hilo. (Katika mambo ya viazi, wasomaji watakumbuka Januari 2022, hoteli za KFC hapa Kenya zilipoishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyao vilitoka ng'ambo na meli zikachelewa. Wakulima wa Nyandarua, walio na viazi mpaka mlangoni, walisikia hayo wakashika vichwa. Tangu siku hiyo mimi nikiona lori la viazi vya Kinangop limefunga njia, hasira yangu hupungua kidogo.)

Wako watakaosema, kwa nini tusiondoe matatu zote katikati ya mji tukamaliza maneno? Hilo lilijaribiwa. Mnamo Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia, na asubuhi ile ile mji ukajaa watu wanaotembea, wagonjwa na wazee na wenye watoto mgongoni, huku motakaa za watu binafsi zikipita kama kawaida. Amri ile haikudumu, ikasimamishwa. Matatu moja yachukua watu kumi na wanne, na basi zaidi ya hao mara mbili. Gari jeupe nililolieleza lilikuwa la mtu mmoja na kuku mmoja. Anayetaka nafasi barabarani na aanze kuhesabu hapo.

Wengine watasema, wenye hoteli wajenge dirisha la kununulia ukiwa ndani ya gari, kama Marekani. Hoteli nje ya mji zenye kiwanja kikubwa zafanya hivyo, na ni shauri lao. Lakini foleni ya magari haiondoki kwa kupewa dirisha. Hurefuka mpaka ikatoka barabarani. Wamarekani wenyewe wameanza kuona hivyo: mji wa Minneapolis ulikata shauri mwaka 2019 kwamba madirisha mapya ya namna hiyo yasijengwe tena. Hatuna sababu ya kuokota kile wenzetu wanachokitupa.

Mwenye hoteli aweza kuogopa kwamba wateja watamkimbia. Naye asimame mlangoni pake jioni ya mshahara atazame miguu. Wengi wanaoingia wametoka kwa miguu, wametoka kazini, na watatoka na mfuko wapande matatu. Hao ndio wanaomlipia kodi ya nyumba. Mwenye gari aweza kununua kuku popote. Sisi twanunua pale kwa sababu pako njiani kwetu, na kama njia ikiwa ya hatari tutapita njia nyingine.

Nimesikia pia mwanachama mwenye gari akinung'unika kwamba chama kinapinga watu kupata maendeleo. Ndugu yangu, furahia gari lako, na ule kuku. Robo saa yatosha kabisa kumnunua.

Sasa, kwa nini nayaandika haya katika gazeti la chama badala ya kumpelekea mkubwa fulani barua? Njia ile ina jina la mtu wetu. Zamani iliitwa Victoria Street. Tom Mboya, kabla ya kuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, alikuwa mkaguzi wa afya katika halmashauri ya mji huu huu wa Nairobi. Kazi yake ilikuwa ya kuangalia mambo kama haya: usafi wa mahali watu wanapokula na wanapopita. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969 katika Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, hatua chache tu kutoka mahali ninapopasema. Aliona kwamba kero ndogo za wafanya kazi, choo, maji, mahali pa kulala, ni kazi ya chama kama vile mshahara. Kufika stesheni salama ni kero ya namna hiyo.

Na sheria ipo upande wetu. Katika Katiba, mambo ya magari barabarani na maegesho ya mji yamewekwa mikononi mwa Kaunti, basi tusizungushwe kutoka ofisi hii kwenda ile. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, yampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti juu ya jambo lililo chini yake. Ombi hilo halina haja ya wakili. Lataka maneno ya wazi na sahihi za watu.

Nimekwisha kuandika maneno hayo katika karatasi moja, kwa mkono, na katibu wa tawi ameyasoma akasahihisha mahali pawili. Yaomba demareji ya robo saa, mistari ya pikipiki, saa za malori, na njia ya zimamoto iachwe wazi kutoka mlango wa stesheni yao mpaka njia panda, asisimame mtu hapo hata kwa dakika moja, awe mkubwa au mdogo. Yule kijana wa pikipiki ametia sahihi, pamoja na wenzake tisa. Utingo aliyeingia hotelini kutafuta mwenye gari jeupe naye ametia. Bado sahihi zenu. Karatasi iko mezani kwa katibu, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Wa zamu ya usiku waje kabla ya kuingia, na wa zamu ya mchana wasiende nyumbani bila kupita hapo.

Mimi, shanta, Stesheni ya Nairobi.